Sura ya Saba: Hereni za Mabaki ya Jiwe

Miongoni mwa mapambo yote ya mwili, hereni ndiyo inayodai hesabu kali zaidi ya uzito, kwa sababu bangili huegemea mfupa wa mkono na mkufu hulala juu ya mabega, ilhali hereni huning'inia kwenye ndewe, yaani tundu linalotobolewa katika ncha ya chini ya sikio, mahali pasipo na mfupa wala gegedu bali ngozi na mafuta tu. Tundu hilo likibebeshwa mzigo mzito siku baada ya siku hurefuka, na hatimaye huweza kuchanika hadi ukingoni. Sonara anayefua dhahabu hulazimishwa na bei ya malighafi kuifanya hereni iwe nyembamba, kwa hiyo gharama humlinda mvaaji hata kama sonara hakulikusudia hilo; fundi anayetumia malighafi ya bei nafuu hana kizuizi cha namna hiyo, na asipojiwekea sheria atatengeneza kitu kinachopendeza mezani na kuumiza sikioni. Sura hii inaeleza jinsi hereni zinavyoweza kutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana Kenyenya na maeneo jirani katika Kaunti ya Kisii, na inatetea hoja moja: kwamba katika hereni ya bei nafuu kazi yenye thamani kubwa si kuchonga bali kusugua, na kwamba wale wanaosugua, ambao kwa kawaida ni wanawake, wanastahili kuhesabiwa na kulipwa kama mafundi.

Kenyenya ni mji mdogo wa soko katika eneo la Bomachoge, kwenye vilima vya Abagusii, yaani nchi ya Gusii, ambako mvua huzidi milimita 1,500 kwa mwaka na ardhi imegawanyika katika mashamba madogo ya mahindi, chai, kahawa, miwa na migomba. Eneo jirani la Mugirango Kusini ndiko uliko mji wa Tabaka, wenye machimbo ya jiwe linalojulikana duniani kwa jina la jiwe la Kisii, na si mbali sana na hapo inaanza Trans Mara, nchi ya Wamaasai, ambako kushona shanga ni kazi waliyoizoea wanawake tangu utotoni. Nafasi hiyo ya kijiografia ni bahati kwa fundi wa hereni, kwa kuwa jiwe, ganda la mgomba na ujuzi wa shanga, vitu ambavyo kwingineko hutafutwa mbali, hapa vimekaribiana.

Jiwe na wanaolifanyia kazi

Jiwe la Kisii huitwa jiwe la sabuni kwa sababu likishikwa huteleza vidoleni kama kwamba limepakwa mafuta. Kwa kawaida jina hilo hupewa miamba iliyojaa talki, madini laini kuliko yote katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanzia 1 kwa talki na kuishia 10 kwa almasi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jiwe la Tabaka ni madini mengine yanayofanana na talki kwa mguso na kwa umbo, yaitwayo pirofilaiti, ambayo yana alumini pale ambapo talki ina magnesi, na ugumu wake hauzidi 2. Ukucha wa binadamu una ugumu wa karibu 2.5, ndiyo maana jiwe hili hukwaruzika kwa ukucha, hukatwa kwa msumeno wa mbao na huchongwa kwa kisu cha jikoni. Rangi zake ni nyeupe, maziwa, waridi, kijivu, hudhurungi na nyeusi, na zile zinazoelekea wekundu husababishwa na oksidi za chuma, yaani kutu ya asili iliyonaswa ndani ya mwamba.

Abagusii walilijua jiwe hili muda mrefu kabla ya biashara ya watalii, wakachonga bakuli na viko, na unga wake mweupe ukapakwa mwilini wakati wa ngoma na sherehe, kwa hiyo katika historia yake jiwe lilikuwa pambo la ngozi kabla halijawa pambo la rafu. Katika karne ya 20 uchongaji ulikua ukawa riziki ya maelfu ya watu, na baadhi ya wachongaji walipata heshima ya kimataifa. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri kuliko wote waliotoka huko, ana sanamu ya ndege wa amani katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Heshima hiyo ilistahili, lakini imewafanya wengi waione sanaa ya Tabaka kwa kuangalia kazi kubwa peke yake, na kazi kubwa huficha jinsi jasho linavyogawanywa.

Mgawanyo wenyewe unafahamika. Wanaume huchimba kwa sululu, jembe na panga katika mashimo yaliyo kwenye ardhi za familia, mashimo ambayo wakati wa mvua kubwa huweza kuporomoka na kuua; wanaume hao au wenzao huyakata mabonge kwa msumeno na kuyapa umbo kwa panga, patasi na visu. Kisha kazi huhamia kwa wanawake, ambao hukaa karibu na mabeseni ya maji, wakaloweka kila kipande, wakakisugua kwa msasa, yaani karatasi yenye chembe kali za kulainishia, kuanzia msasa mkali wa kukwangua hadi ule laini unaoacha mng'ao, halafu wakakipaka rangi au nta na kukifunga tayari kwa safari. Katika sanamu ya tembo yenye kimo cha nusu mita, uamuzi mkubwa wa kisanaa umekwisha fanywa kabla kipande hakijafika kwenye beseni, na kusugua huonekana kama hatua ya usafi. Katika hereni yenye upana wa sentimita 2 mambo hugeuka kabisa: kukata duara dogo ni kazi ya dakika chache, ilhali wembamba, ulinganifu wa jozi, ulaini wa ukingo unaogusa shingo na kina cha rangi vyote huzaliwa kwenye maji na msasa. Anayesugua ndiye anayeamua hereni itakuwa na uzito gani, na uzito, kama ilivyoelezwa, ndiyo sifa inayotangulia nyingine zote.

Kuna faida nyingine katika udogo huo. Kila bonge linapochongwa huacha vipande visivyotosha hata kuchongea kinyago cha kiganjani, na vipande hivyo hulundikana kando ya vibanda vya wachongaji. Kwa mchonga sanamu ni taka. Kwa fundi wa hereni ni ghala lenye rangi zote za mwamba, ambalo halihitaji shimo jipya kuchimbwa wala maisha ya mtu kuhatarishwa. Gunia moja la mabaki lililochaguliwa vizuri na kusafirishwa hadi Kenyenya linaweza kukipa kikundi kidogo kazi ya muda mrefu, na gharama kubwa zaidi ndani yake ni nauli.

Kuchagua, kukata na kupunguza

Kipande hakichaguliwi kwa rangi peke yake. Jiwe lenye ufa usioonekana litavunjika siku linapotobolewa au, vibaya zaidi, siku litakapoanguka mbele ya mnunuzi, na njia rahisi ya kuugundua ufa ni maji: kipande huloweshwa kisha huachwa kikauke kwenye hewa, na palipo na ufa hubaki mstari mweusi wa unyevu baada ya uso mzima kukauka. Kipande kizima kikigongwa kwa ukucha au kwa kipini cha kisu hutoa sauti kavu na wazi, na chenye ufa hutoa sauti iliyozibwa. Ukaguzi huu hauchukui muda, lakini fundi anayeupuuza hupoteza kazi ya saa nzima katika kipande ambacho kilikuwa kimekwisha haribika kabla hajakigusa.

Tatizo la pili ni jozi. Jiwe la asili lina mishipa na mawingu ya rangi, na vipande viwili vilivyookotwa mahali tofauti havitafanana hata vikikatwa kwa kipimo kimoja. Suluhisho lililo bora ni kutokata maduara mawili, bali kutengeneza kwanza mche mmoja, yaani kipande kirefu kilichochongwa umbo la hereni katika urefu wake wote, liwe duara, tone la maji au jani, kisha kuukata mche huo vipandevipande kama anayekata silesi za mkate. Silesi mbili zinazofuatana zina mshipa uleule na umbo lilelile, na zikifunguliwa kama kurasa za kitabu, moja huwa kivuli cha nyingine, jambo linalofaa sana kwa hereni kwa kuwa zinavaliwa pande mbili za uso. Njia hii pia huokoa muda, kwa sababu ukingo wa mche husuguliwa mara moja kwa niaba ya jozi nyingi.

Sasa ije hesabu. Sentimita moja ya ujazo ya jiwe hili ina uzito wa takriban gramu 2.8, karibu sawa na alumini na chini sana ya shaba nyeupe, ambayo hukaribia gramu 8.5. Duara lenye kipenyo cha milimita 30 na unene wa milimita 4 litakuwa na karibu gramu 8, uzito ambao watu wengi wataanza kuuhisi kabla ya adhuhuri. Duara hilohilo likisuguliwa hadi unene wa milimita 2.5 hushuka hadi gramu 5 hivi, yaani uzito wa sarafu ya shilingi 10, na likitobolewa dirisha la milimita 12 katikati hukaribia gramu 4. Jambo linalowashangaza wanaoanza ni kwamba gololi ya jiwe yenye kipenyo cha milimita 15 tu, inayoonekana ndogo na isiyo na madhara, ina ujazo uleule wa duara lile pana la milimita 2.5, kwa hiyo macho hayawezi kuaminiwa katika suala hili. Mizani ndogo ya kupimia gramu, ya aina inayouzwa kwa matumizi ya jikoni, ni kifaa muhimu kuliko rangi yoyote, na kikundi kinachoanza kinaweza kujiwekea mpaka wa gramu 5 kwa kila hereni, na kila inayozidi mpaka huo kurudishwa kwenye msasa.

Wembamba nao una mpaka wake. Pirofilaiti hukaa katika matabaka, na kipande chenye unene wa chini ya milimita 2 huweza kupasuka kwa kuangukia sakafu ya saruji, hasa kama matabaka yake yamekatwa kwa mshazari. Kwa hiyo kutoboa hufanywa mapema, silesi ikiwa bado nene, na tundu huwekwa angalau milimita 3 kutoka ukingoni. Keekee ndogo ya mkono, yaani kifaa cha kutobolea kwa kuzungusha, inatosha kabisa. Asiye na keekee anaweza kunoa ncha ya spoki ya baiskeli, akaitia mpini wa mti na kuizungusha kwa vidole, kwani jiwe lenyewe ni laini kuliko chuma. Kutoboa huanzia upande mmoja hadi nusu, kisha silesi hugeuzwa na kumaliziwa upande wa pili, ili keekee inapotokeza isibandue kipande cha jiwe upande wa nyuma.

Kisha huja kazi yenyewe. Msasa namba 120 huondoa alama za msumeno na kupunguza unene. Namba 240 hufuta mikwaruzo ya namba 120. Namba 400 na 600 hulainisha. Na namba 800 au zaidi huacha uso unaoteleza kama ngozi. Namba hizi hueleza ukubwa wa chembe zilizogandishwa kwenye karatasi, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Hakuna hatua inayoweza kurukwa, kwa kuwa mkwaruzo wa namba 120 haufutiki kwa namba 600 bali hung'arishwa pamoja na jiwe, ukajitokeza vizuri zaidi siku nta inapopakwa. Anayesugua huweka msasa juu ya kioo au kigae bapa na kuizungusha silesi juu yake kwa shinikizo sawa, akiigeuza robo mzunguko kila mara ili upande mmoja usiwe mwembamba kuliko mwingine, na hupima jozi kwenye mizani mara kadhaa, kwa maana hereni mbili zinazotofautiana kwa gramu moja huhisiwa na mvaaji hata kama mtazamaji haoni tofauti. Huu ni ustadi wa vidole unaopatikana kwa miaka, na kuuita kazi ya mikono mitupu ni kutoujua.

Maji ni ya lazima kwa sababu nyingine kubwa kuliko mng'ao. Vumbi linalopeperuka jiwe linapokatwa au kusuguliwa kavu lina chembe ndogo za silika na madini mengine ambazo hukaa ndani ya mapafu zisitoke, na mtu anayezivuta kwa miaka huweza kupata makovu ya mapafu yasiyo na tiba. Katika vibanda vingi vya kuchongea vumbi hilo hutanda kila mahali na kuwafunika watu nyusi hadi miguu. Fundi wa hereni ana nafasi nzuri ya kuliepuka, kwa kuwa kipande chake ni kidogo na karibu kila hatua yake, hata kukata, inaweza kufanywa ndani ya beseni. Barakoa ya kitambaa husaidia kidogo, lakini maji husaidia zaidi. Matope yanayobaki chini ya beseni yafukiwe, yasimwagwe uani yakakauka na kurudi hewani.

Jiwe likikauka hupashwa joto, juani au karibu na jiko, kisha husuguliwa kwa nta, ambayo huyeyuka na kuingia katika vinyweleo vyake, ikaamsha rangi iliyokuwa imefifia. Jiwe jeupe hukubali pia kutiwa rangi za dukani, na mafundi wa Tabaka wana mbinu iliyo nzuri kwa urahisi wake: uso wote hupakwa rangi nzito, ukaachwa ukauke, halafu michoro hukwaruzwa kwa ncha ya kisu hadi weupe wa jiwe ujitokeze. Kwenye hereni mbinu hiyo humpa fundi uwanja wa kuchora mbegu, pundamilia au mistari mitupu, na inafaa zaidi michoro ikiwa michache, kwani eneo la sentimita 2 halibebi hadithi ndefu.

Ganda la mgomba, karatasi na shanga

Pasipo na jiwe, au pale ambapo mvaaji anataka hereni kubwa isiyo na uzito, mgomba ndio jibu. Shina la mgomba limejengwa kwa maganda yaliyokumbatiana, na yale ya nje yakikaukia shinani hupata rangi kutoka maziwa hadi kahawia iliyokolea, bila ya kutiwa chochote. Ganda hupasuliwa nyuzi bapa za upana wa milimita 3 hadi 5, hulowekwa kidogo ili zisikatike, kisha huzungushwa kwa kubana juu ya duara la waya au la kadibodi, ncha zikafichwa kwa gundi. Hereni ya namna hiyo yenye upana wa sentimita 5 huweza kuwa nyepesi kuliko kijiwe cha sentimita 2. Adui yake ni unyevu, na katika milima yenye mvua nyingi kama ya Gusii adui huyo hayuko mbali: nyuzi zilizofungwa kabla ya kukauka kabisa huota ukungu ndani ya wiki chache, kwa hiyo hukaushwa juani kwa siku kadhaa na kupakwa vanishi pande zote, pamoja na ncha zilizofichwa.

Karatasi haina umaskini wowote mbele ya historia. Katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na miji mingine ya mwambao walivaa masikioni misokoto ya karatasi za rangi iliyokazwa ikawa visahani vya duara, na picha za zama hizo zinaonyesha masikio yaliyojaa visahani hivyo kutoka juu hadi chini. Nchini Uganda, wanawake wa Kampala na kwingineko wamefanya shanga za karatasi kuwa biashara inayofika ng'ambo: karatasi ya kalenda au gazeti hukatwa pembetatu ndefu na nyembamba, husokotwa kuanzia upande mpana juu ya njiti, hufungwa kwa gundi na kupakwa vanishi hadi igande. Shanga ya namna hiyo ikiwekwa juu ya jiwe hulinda hesabu ya uzito, kwa kuwa huongeza urefu wa hereni pasipo kuongeza mzigo wa maana.

Shanga za kioo zina safari ndefu zaidi. Zilitoka Venice na Bohemia, zikapitia Zanzibar na misafara ya biashara, zikafika kwa Wamaasai na majirani zao, ambao walizifanya zao kiasi kwamba leo hakuna anayeziona kuwa za kigeni. Kwa hereni za Kenyenya matumizi yake mazuri ni ya kiasi: safu ya shanga chache kati ya jiwe na kulabu hufunika waya na kuupa mwendo. Kuiga ruwaza nzima za Wamaasai na kuziuza kama kazi ya Gusii si haki kwa yeyote kati ya jamii hizo mbili, na soko lililo karibu na Trans Mara litaligundua hilo upesi.

Kulabu

Sehemu inayopita ndani ya mwili ni kulabu, waya mdogo uliopindwa ambao uzito wake haufiki hata gramu moja, na hapa ndipo urahisi wa bei unapokuwa hatari. Kulabu nyingi za bei ya chini kabisa hufunikwa kwa nikeli, metali inayong'aa kama fedha lakini ambayo ndiyo chanzo kikuu cha mzio wa ngozi unaotokana na metali. Mtu akishapata mzio huo, ambao mara nyingi huanzia kwenye ndewe, hubaki nao maisha yake yote: sikio huwasha, huvimba na kutoa majimaji kila nikeli inapoligusa. Jumuiya ya Ulaya ilipitisha sheria mwaka 1994 ya kudhibiti nikeli katika mapambo, na kiwango kinachotumika sasa huko kwa vipande vinavyopenya mwilini ni kutotoa zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Fundi anayetaka kuuza huko lazima aijue sheria hiyo. Fundi asiyetaka kuuza huko anapaswa kuwajali wateja wa Kenyenya na Kisii kwa kiwango kilekile.

Nyaya za shaba nyekundu zinazotolewa kwenye mabaki ya umeme huvutia kwa sababu hupatikana kwa bei ndogo, lakini lazima zipangiwe kazi inayozifaa. Waya wa kulabu unafaa kuwa na unene wa karibu milimita 0.8. Waya mzima wa umeme wa nyumbani wa milimita za mraba 1.5 una unene wa karibu milimita 1.4, ambao utaipanua ndewe kwa nguvu, na aina iliyosokotwa kwa nyuzi saba huwa na nyuzi za karibu nusu milimita, nyembamba mno kwa kulabu lakini bora sana kwa kufungia jiwe na shanga. Tena shaba nyekundu ikikutana na jasho hugeuka kijani na kuacha doa sikioni. Kwa hiyo shaba na itumike mwilini mwa hereni, inakoonekana na inakopendeza, na kulabu inunuliwe ya chuma kisichoshika kutu au ya fedha, hata kama kulabu hiyo itagharimu zaidi ya malighafi nyingine zote zikijumlishwa. Ncha yake hulainishwa kwa tupa na msasa hadi isikwaruze kitambaa, na aliyetobolewa masikio karibuni hushauriwa asiivae hadi ndewe ipone, jambo linalochukua wiki 6 hadi 8.

Soko na mgawo

Historia ya mapambo katika Gusii haifanani na ya mwambao. Pambo lililokuwa na uzito mkubwa zaidi wa kijamii lilikuwa ebitinge, pete za chuma zilizovikwa vifundoni mwa miguu ya mwanamke ndoa yake ilipokamilishwa kwa sherehe ya enyangi, na mwenye kuzivaa alijulikana kuwa mke kamili kabla hajafungua kinywa. Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20, na miongoni mwa nguvu zilizobadilisha mavazi ya Gusii ni Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililofika mwanzoni mwa miaka ya 1910 na ambalo leo lina waumini wengi sana katika vilima hivi. Mafundisho yake yanahimiza mavazi ya staha yasiyo na vito, na familia nyingi huyafuata kwa kutovaa hereni kabisa. Msimamo huo unastahili heshima, na fundi wa hereni wa Kenyenya anapaswa kuuhesabu kama ukweli wa soko: wateja wake wengine watakuwa jirani, lakini wengi watakuwa mjini Kisii, Nairobi, na kwenye barabara ziendazo Maasai Mara, kwa hiyo lazima apange nauli, ufungaji unaozuia jiwe kuvunjika, na uhusiano na mfanyabiashara wa kati, ambaye kwa kawaida ndiye anayejua bei ya mwisho.

Katika mazingira hayo mgawo wa pato hufichika kwa urahisi. Chukulia mfano wa kufikirika wa jozi inayouzwa kwa shilingi 200, ambayo jiwe, kulabu, waya, msasa na nta vyake vimegharimu shilingi 40, kwa hiyo zimebaki shilingi 160 za kulipia mikono. Ikiwa kukata kulichukua dakika 10, kutoboa na kuunganisha dakika 10, na kusugua pamoja na kupaka nta dakika 40, basi mgawo unaofuata muda humpa msuguaji karibu shilingi 107 na kila mmoja wa wenzake karibu 27. Mazoea ya kumlipa mchongaji kama bwana wa kazi na msuguaji kama msaidizi yangegeuza hesabu hiyo juu chini, na hayana sababu yoyote katika bidhaa ambayo msuguaji ndiye aliyeipa wembamba, ulinganifu na uso wake. Wapo watakaosema kwamba kukata kunahitaji ujuzi adimu. Katika sanamu hoja hiyo ina nguvu, lakini katika mche unaokatwa silesi za umbo moja haina.

Kikundi kinachoanza hakihitaji mfumo mgumu ili kutenda haki. Daftari moja linatosha, lenye safu ya aina ya hereni, safu ya gramu za kila upande wa jozi, na safu tatu za dakika, kila moja na jina la aliyefanya kazi. Jina la msuguaji liandikwe pia kwenye kadi inayoshikilia hereni, na mgawo ufanywe mwishoni mwa wiki, daftari likiwa wazi mbele ya wote.